Mafuta Hayazami

Mlango wa nyuma ulipolia, Fundi Pua alijua amefumaniwa. Alikuwa amepiga magoti juu ya turubai katikati ya ua, miwani imemteremkia puani, na mbele yake mche mmoja wa nyasi umelala umefunguliwa kama injini. Majani aliyapanga kushoto kwa urefu wake. Shina alikuwa amelipasua katikati kwa kisu. Mizizi, minene kwanza, kisha ya wastani, kisha ile ya nyuzinyuzi, aliinyoosha mmoja mmoja kuelekea kulia, na kila fungu akalikandamiza kwa nati ili upepo usije ukamvurugia mpangilio.

Aliyetoka mlangoni alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, kabeba kikapu cha chupa za kuchukulia maji ya kisima. Mche ule aliupanda yeye kwa mkono wake miezi minne iliyopita, wa kwanza katika safu ya kwanza, na kila wiki aliupima kwa rula akaandika daftarini. Mwingine angeukuta katika hali ile angeita majirani waje washuhudie. Lakini baba mkwe hafokewi, na mwanamke huyu alilelewa akaleleka. Alitua kikapu, akachuchumaa pembeni mwa turubai.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mkamwana akaitazama mizizi, akazitazama nati.

"Sasa huu, Baba, unaurudishaje?"

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Katika miaka arobaini na mitatu ya ufundi hakuwahi kufungua kitu kikamshinda kukirudisha, na kama kipo basi mwenyewe hakurudi kudai.

"Hapo ndipo nilipokwama," akasema.

Tumtetee kidogo, maana kesi ya mtu husikilizwa tangu mwanzo. Fundi Pua hakuwa mharibifu. Jina hilo la Pua alipewa na wateja, kwa sababu alikuwa akichomoa kijiti cha oili, anakinusa kama mpishi anusavyo mchuzi, halafu anakuambia ugonjwa wa gari lako kabla hujamaliza kumsalimu. Kitu asichokinusa hakukiamini, na kitu asichokifungua hakukijua. Sasa mtu wa namna hiyo, umstaafishe, umfungie gereji, kisha umpandie nyasi uani na kumwambia nyasi hizo zinafanya kazi chini kwa chini, tena kazi ya kusafisha mafuta, unategemea akae kitini akunje mikono? Ng'o!

Ua huo ndio uliokuwa gereji yake. Upande mmoja yalikaa magari, upande wa pili zilitambaa kamba za kuanikia za mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shuka, kwa kuwa alikuwa dobi. Watu waliicheka ndoa ile. Fundi wa magari kumwoa dobi, walisema, ni sawa na makaa kuoa pamba. Na kweli mwaka wa kwanza nusura wenye kucheka wapate cha kusimulia: lori moja lilirudi nyuma, vumbi likatimka, shuka kumi na mbili nyeupe zilizokuwa kambani zikageuka rangi ya udongo. Mama Shuka hakugomba. Aliketi juu ya jiwe la kufulia akalia kwa kwikwi mpaka fundi akatamani ardhi immeze.

Jumamosi iliyofuata akatwaa debe la oili chafu, ile inayotolewa kwenye injini ikiwa nyeusi kama lami, akalitoboa matundu, akainyunyizia uani kote. Vumbi likatulia tuli. Tangu hapo ikawa desturi, kila Jumamosi asubuhi, miaka thelathini na mmoja. Mama Shuka naye, kabla hajaanika, alipitisha kidole chake juu ya kamba, akakitazama, kisha akapaza sauti kuelekea gereji: "Kidole cheupe!" Fundi alijibu kwa kugonga spana mara mbili kwenye chuma. Basi. Wengine huandikiana barua.

Kisha, mwaka mmoja kabla ya asubuhi hii ya turubai, nyumba ya wageni iliyokuwa ikimpa Mama Shuka kazi ya shuka tangu enzi za mama yake iliurudisha mzigo wote. Shuka zilikuwa nyeupe, zimenyooka, hazina dosari machoni. Ila zilikuwa na harufu. Mgeni mmoja alilalamika kwamba kalala kama yumo chini ya uvungu wa basi.

Fundi alizinusa, asisikie kitu. Pua ile iliyosifika mitaa saba haikusikia kitu, kwa sababu harufu yenyewe ndiyo iliyokuwa hewa yake ya kila siku. Mkamwana, ambaye alikuwa akifanya kazi katika maabara ya maji ya chuo, alichukua maji ya kisima kwenye chupa, akarudi baada ya siku tatu na karatasi. Kisima kilikuwa na mafuta. Akaeleza kwa sauti ya chini, macho sakafuni, akisema labda kuna kitu kilimwagika zamani.

"Labda," fundi alijibu, akatoka nje.

Hakuwa akidanganya. Afadhali angekuwa akidanganya. Alikuwa akiamini kwa dhati kwamba oili yake haihusiki, na hoja yake ilikuwa imara kama nondo: mafuta hayazami. Mwaga mafuta majini uone. Yataelea, na utayapuliza usiku kucha yasizame. Kisima kina urefu wa watu wanne. Mafuta aliyoyamwaga juu yangefikaje chini? Alilaumu grisi ya kapi la kisima, akalibadilisha kapi. Alilaumu kamba, akaibadilisha kamba. Akabakia kumlaumu fundi aliyechimba kisima, aliyekwisha kufa na hawezi kujitetea.

Mama Shuka yeye hakumlaumu mtu. Alifunika kisima kwa bati, akaanza kuchota maji kwenye bomba la mtaa wa pili, akiyasukuma kwa toroli, madumu sita kila safari, katika umri ambao wenzake walikuwa wakisukuma vigari vya wajukuu. Baada ya miezi kadhaa goti lilianza kumuuma. Ndipo alipotoa kauli yake mezani, bila kupandisha sauti, akimegea kila mtu chakula. Dada yake ana bomba uani kwake. Mvua za mwisho wa mwaka zikiisha na kisima kikiwa hivi hivi, atachukua pasi zake na kwenda kufulia huko. Fundi akitaka atamfuata, asipotaka atakuwa akija kumtembelea.

Fundi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alimjua mkewe. Mwanamke huyu hakuwahi kutishia kitu asichoweza kukifanya, na fundi mwenyewe hakuweza kujiona akiishi ua wa watu, hana hata sehemu ya kutundikia spana.

Ndipo mkamwana alipoomba ruhusa ya kupanda. Aliomba kwa mama mkwe, mama mkwe akaomba kwa fundi, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Uso wa ua ulikuwa mweusi, mgumu, unang'aa kama kikaango kikongwe. Aliupasua kwa sururu, akachanganya samadi, akapanda safu mbili za nyasi ndefu kati ya gereji, iliyokuwa upande wa barabara, na kisima. Safu ya tatu aliilima vile vile lakini hakuipanda kitu. Alisema hiyo ni ya kulinganishia. Fundi, aliyekuwa akisikiliza kwa kujifanya anatafuta boliti, aliuliza nyasi zinakulaje mafuta, kwa mdomo gani.

"Hazili, Baba. Mizizi inatoa utamutamu udongoni. Kuna vijidudu vidogo, havionekani, vinakuja kwa ajili ya utamu huo. Vikishashiba na kuongezeka, ndivyo vinavyoyavunjavunja mafuta mpaka yanakuwa si mafuta tena."

Fundi alifikiri. "Kwa hiyo nyasi ni mpishi tu. Wanaokula ni wengine."

Mkamwana alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa adabu. Akasema hata mwalimu wake hakuwahi kueleza vizuri hivyo. Na hapo ndipo, ukitaka kujua, ugonjwa ulipomwingia mzee. Ugonjwa wa kutaka kuona. Kila asubuhi alikwenda kuzitazama zile nyasi, akainama, akatega sikio kana kwamba zitanguruma. Zikawa zinarefuka tu, kijani, kimya, haziashirii chochote. Miezi minne akavumilia. Wa nne ulipotimia alichukua koleo.

Basi turudi kwenye turubai.

Mkamwana hakusema habari ya daftari. Alichukua fungu la mizizi ya nyuzinyuzi, lenye udongo uliogandamana nayo, akampa baba mkwe wake kwa mikono miwili.

"Kwa kuwa umeshaufungua, Baba, hebu unuse hapa."

Fundi akanusa. Ilikuwa harufu ya udongo. Udongo tu, ule wa mvua ya kwanza. Akanusa tena, akageuza fungu, akanusa upande wa pili. Hapo akatambua kwamba alikuwa hajanusa udongo safi katika ua ule kwa miaka mingi, na kwamba pua yake, kwa kupata kitu cha kulinganishia, ilikuwa imezinduka. Akaokota bonge kutoka safu ile tupu, hatua mbili pembeni. Likamchoma puani. Oili. Oili ya injini iliyozeeka, yenye harufu ya moshi ndani yake.

Alirudi mbio kwenye shimo la mche, mzee wa miaka sabini, akalala kifudifudi na kutumbukiza mkono mpaka begani. Alichimbua kwa kucha udongo wa chini kabisa, mahali ambapo mizizi ilikuwa haijafika, akautoa, akaunusa. Ulikuwa na harufu ile ile. Na humo ndani, nyuma ya ile ya injini, aliisikia nyingine, nzito, yenye kiberiti, ambayo angeitambua hata akiwa kaburini. Oili ya gia. Ya malori. Malori hajayatengeneza tangu mwanawe akiwa darasa la tatu.

Akakaa kitako. Udongo ulikuwa umemjaa usoni, naye hakuufuta.

"Lakini mafuta hayazami," akasema, zaidi kwa nafsi yake.

"Hayazami, Baba, ni kweli," mkamwana alijibu taratibu. "Ila udongo si maji. Mvua inayasukuma kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka yanakutana na maji ya kisima. Yakishafika huko ndipo yanapoelea."

Aliposema hivyo hakumtazama usoni. Fundi akajua kwamba binti huyu alijua tangu siku ya karatasi, na akamheshimu mara mbili: kwa kujua, na kwa kunyamaza. Lakini mkewe hakujua. Au ndivyo alivyoamini. Jioni ile, Mama Shuka alipouliza turubai lile la nini, alijibu kwamba alikuwa akipanga vifaa.

Mche ule aliurudisha ardhini, mizizi ikipangwa kama ilivyotoka, minene kwanza. Ulikauka baada ya wiki mbili. Hakuung'oa tena.

Ila akili haikutulia. Fundi hawezi kuona tatizo akaliacha liende zake. Alichukua bomba la ekzosi ya gari kuukuu, akalikata, akalichonga mdomo, akalichora mistari ya rangi kila shubiri. Bomba hilo alilipigilia ardhini kwa nyundo, akalizungusha, akalichomoa likiwa na udongo ndani, kipande kirefu kama muhogo, pasipo kuua mche. Kila Jumamosi, saa ile ile ya debe la zamani, alitoa vipande vitatu, kimoja kila safu, akavinusa kuanzia juu kwenda chini, kisha akaandika kwa chaki kwenye ukuta wa gereji: shubiri ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu kidogo, ya nne bado. Mkamwana alivipeleka vipande hivyo maabara. Mashine ya chuo na pua ya mzee vilitofautiana mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo ikagundulika kwamba waliokosea ni wa mashine, walichanganya chupa.

Alianza kuuliza maswali ambayo mkamwana ilibidi akayatafutie majibu vitabuni. Je, vijidudu vikimaliza mafuta vinakula nini? Je, mizizi hujuaje kwamba chini kuna maji? Mbona nyasi za upande wa jua zinakwenda kasi? Walikuwa wakizungumza wamechuchumaa katikati ya nyasi zilizowafika mabegani, baba mkwe na mkamwana, na Mama Shuka alipopita na toroli lake aliwatupia jicho, akaendelea na safari yake ya bombani. Kila mara fundi alipolisikia gurudumu lile likilia, maneno yalimpanda mpaka kooni yakarudi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Alilijua hilo, akaficha vile vile.

Mvua zikaja, zikapiga siku arobaini, zikakatika. Ukutani chaki ilisema: shubiri ya nne safi, ya tano kidogo. Safu tupu ilisema: bado, bado, bado. Kisimani mafuta yalipungua, karatasi za mkamwana zilionyesha, lakini hayakwisha. Mkamwana alisema kwa unyenyekevu kwamba kazi hii ni ya misimu, si ya miezi.

Jumamosi moja asubuhi fundi aliingia ndani akamkuta mkewe chumbani ameketi kitandani, na sanduku la bati limefunguliwa sakafuni. Pasi mbili za mkaa zilikuwa tayari zimezungushiwa magazeti. Ya tatu, ile nzito ya mama yake, alikuwa ameipakata.

"Umekata shauri," fundi alisema.

"Mvua zimekwisha, mzee."

Alisimama mlangoni. Huko nje asubuhi ilikuwa ikiendelea kama siku nyingine yoyote, jirani anapasua kuni, mtu anapiga mluzi. Alihisi kama mtu anayetaka kuchomoa plagi ya injini ya moto kwa vidole vitupu.

"Yale mafuta ya kisimani ni yangu," akasema. "Si grisi, si kapi. Ni ile oili ya Jumamosi. Nimeinusa shubiri tano chini. Nimekuharibia maji yako kwa mkono wangu, miaka thelathini na mmoja, na tangu nijue ni miezi sasa, nimekuacha usukume toroli nami nimenyamaza."

Mama Shuka hakuinua uso. Alikuwa akiifuta pasi kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Nilijua siku ile ile shuka ziliporudi," akasema. "Mimi ni dobi. Doa nalijua linakotoka."

"Mbona hukusema?"

"Nikuambie nini? Nani aliyelia juu ya jiwe kwa sababu ya vumbi? Ulimwaga kwa ajili ya shuka zangu. Kila Jumamosi nikakushangilia." Akaigeuza pasi mapajani. "Nilikuwa naogopa siku moja utaniambia hivyo. Kwamba mimi ndiye niliyekutuma. Niliona heri niende kwa dada kabla hujaniambia."

Fundi akaja akaketi kitandani pembeni yake. Godoro likabonyea, pasi nzito ikateleza kidogo mapajani, wote wawili wakaidaka. Mikono ya fundi ilikuwa na mistari myeusi kwenye kucha, ile isiyotoka kwa sabuni yoyote, na Mama Shuka alikuwa amekwisha kujaribu sabuni zote.

"Mimi hilo hata halijawahi kunipita akilini," fundi alisema.

"Najua," mkewe alisema. "Sasa najua."

Kisha Mama Shuka akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa wa jirani, hizo nyasi zinasemaje. Fundi akamweleza. Akamweleza habari za mpishi na wale wanaokula, habari za bomba la ekzosi, za shubiri ya nne na ya tano, mpaka akajikuta amesimama, anaonyesha kwa mikono jinsi mizizi inavyoshuka. Mkewe alimtazama kama alivyomtazama zamani, alipokuwa kijana anamweleza jinsi kabureta inavyopumua.

Alitoka nje naye. Fundi alifunua bati la kisima, akateka ndoo moja, na Mama Shuka akafua humo leso moja nyeupe, kwa sabuni yake, kwa mikono yake, akaisuuza mara tatu. Aliikamua. Akaipeleka puani, akafumba macho. Akainusa muda mrefu.

"Bado ipo," akasema mwishoni. "Ila ni kama ya mtu aliyepita zamani." Akaikung'uta ile leso. "Pasi zitoe kwenye magazeti. Tungoje mvua zijazo. Na toroli utasukuma wewe."

"Nitasukuma."

Mama Shuka alikwenda kwenye kamba ya karibu na nyasi. Ilikuwa imepita miezi hajaanika upande huo. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, na barabarani gari lilikuwa limepita punde tu likiacha wingu la vumbi refu. Kwa mazoea ya mkono, pasipo kufikiri, alipitisha kidole juu ya kamba, akakiinua machoni pake. Akakigeuza. Akazitazama nyasi, zilizokuwa zikilala na kuinuka kati yake na barabara, kisha akamwelekezea mumewe kile kidole.

Kilikuwa cheupe.

"Nani kamwaga?" akauliza.

Fundi Pua alipapasa mfuko wa suruali, akaikuta spana iliyozoea kukaa humo.

"Hakuna aliyemwaga," akasema, akaenda kutafuta chuma cha kugonga.